Maswali Niliyomuuliza Mama Mkwe

Nianze na majivuno yangu, maana aibu niliyoipata haieleweki bila hayo. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kiswahili nimekinyonya, sikukisomea. Nilipoolewa Kenya nikaletwa Embu, mtaa wa Majimbo, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwacheka watu moyoni. Mwenye duka akiniambia "hiyo maziwa imeisha", mimi nimeuma midomo. Jirani akisema "mtoto yangu amekataa kukula", nasubiri afunge mlango wake nimpigie simu dada yangu kule nyumbani, tucheke mpaka salio liishe. Jamani, mdomo huu umenicheleweshea mengi.

Embu sikujifunza hata neno moja la Kiembu. Sikuona haja. Nilipoingia mahali watu wanazungumza, walikikata Kiembu chao katikati na kuhamia Kiswahili, kile kile nilichokuwa nakicheka, kwa ajili yangu mtu mmoja. Walifanya hivyo sokoni, kanisani, hata msibani. Leo nikikumbuka heshima ile natamani kurudi Majimbo nipite nyumba kwa nyumba nikiwashukuru. Wakati ule niliona ni haki yangu, kama mgeni wa maana anavyopishwa kiti.

Kisha mume wangu akahamishiwa ofisi ya Meru mjini, karibu na kwao. Kwao ni Ruiri, huko kwenye jua na maharagwe na mifugo, na mama yake alikuwa akiishi huko na mbuzi wake. Baba yao alishafariki. Mimi na mama mkwe tulikuwa tumezoeana kwa namna yetu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununua na kupunguza bei, na pale kilipomwishia alimalizia kwa mikono na kicheko. Akija mjini alinibebea njahi, zile kunde nyeusi za kwao, na ndizi, nami nilimkaangia vitumbua, ambavyo hakuwahi kuviona popote, na alivifunga kwenye kitambaa akawaonyeshe wenzake. Nilimpenda. Mama yangu mwenyewe alikuwa amefariki mwaka wangu wa kwanza Embu, nikachelewa mazishi kwa ajili ya karatasi za mpakani. Huyu wa Ruiri nilimshika kwa mikono miwili.

Akapatwa na kiharusi. Walisema ni kidogo. Kilimpitia mkono wa kulia, kikamlegeza kidogo upande wa mdomo, na kikaondoka na Kiswahili chake chote. Kimeru kilibaki. Daktari alimweleza mume wangu kwamba lugha mtu aliyojifunza ukubwani mara nyingine ndiyo hutangulia kumtoka. Basi tukamchukua akae kwetu, awe karibu na hospitali, na kila mwezi mume wangu ndiye aliyempeleka kliniki, mimi nikibaki na oda zangu za vitumbua. Siku nyingine zote mume alitoka asubuhi na kurudi jioni. Katikati ya hapo tulikuwa mimi na mama, na hakuna hata neno moja kati yetu.

Wiki za kwanza nilikuwa mjinga mtupu. Siku moja aliniomba kitu. Alikisema kwa upole, halafu kwa nguvu, halafu kwa upole tena. Nikamletea maji, akatikisa kichwa. Nikamletea uji, blanketi, dawa, beseni. Nikamletea hata Biblia yake. Mwisho alifumba macho akageukia ukutani. Jioni mwanawe alipoingia akamuuliza, kisha akaenda dirishani akavuta pazia. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa na mama alitaka tu kuitazama. Nilikwenda jikoni nikalia huku nikimenya viazi, na nilikuwa na hasira, sijui hata na nani.

Habari zikamfikia wifi yangu mkubwa, binti wa kwanza wa mama, anayelima Ruiri. Yeye ni mtu wa kusema jambo mara moja. Akanipigia simu, akaniambia bila kuzunguka kwamba mtu mzee hukaa mahali anapoeleweka, na kwamba akishavuna maharagwe atakuja na ndugu zake wamchukue mama yao. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali anitukane, ningepata la kumjibu. Nilimwambia tu kwamba kabla hajavuna nitakuwa nazungumza na mama. Akasema sawa, tutaona.

Basi hilo ndilo lililonipeleka darasani kujifunza Kimeru. Nilitaka mama abaki. Kule Ruiri hospitali iko mbali, hilo nililisema mbele za watu, na ni kweli. Ila ukweli wa ndani ni kwamba nilijua akichukuliwa kutoka mikononi mwangu kwa sababu sifai, nitabaki mke wa mtoto wao tu. Sitakuwa mtu wao.

Darasa lilikuwa katika ukumbi wa kanisa, mchana, mara mbili kwa wiki. Mwalimu alikuwa mzee mstaafu aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Tulikuwa wachache: mtawa kutoka Kongo, bwana mmoja wa Burundi mwenye duka la viatu Majengo, wengine walikuja wakaacha. Siku ya kwanza kila mtu alitakiwa kujitambulisha kwa Kimeru, jina na anakotoka, baada ya kumsikiliza mwalimu. Mtawa akasema. Yule Mrundi akasema, tena kwa ufasaha, maana alikuwa ameshakisikia dukani miaka. Ikafika zamu yangu, mimi niliyekuwa nikijiita mwenye lugha. Nikafungua mdomo, kikatoka Kiswahili kilichopindwa pindwa mwishoni. Nilikuwa nimechukua maneno ya kwetu nikayavisha sauti ya Kimeru, nikidhani yatapita. Yule mtawa aliinama akajifanya anatafuta kalamu. Uso uliniwaka mpaka masikioni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale, na viatu vyangu.

Ikawa hivyo kila kipindi. Nilikuwa wa mwisho. Wenzangu walikuja na masikio matupu wakajaza, mimi nilikuja na masikio yaliyojaa. Mwalimu hakunicheka hata siku moja, na hilo lilinitesa zaidi. Aliniambia tatizo langu ni kutaka kusema vizuri kabla ya kusema. Akatupa kazi ya nyumbani iliyokuwa ile ile kila mara: chukueni maswali ya somo, mkawaulize watu, msiogope, kuuliza si ujinga. Ulizeni asubuhi, ulizeni kila siku, mpaka swali litoke lenyewe.

Mrundi aliwauliza wateja wake. Mtawa aliwauliza wanawake wa jumuiya. Mimi nilikuwa na mtu ndani ya nyumba, Mmeru halisi, mwenye muda wote wa dunia. Nikaona Mungu amenipendelea.

Nikaanza. Kila asubuhi, akishakunywa uji wake wa wimbi, nilivuta kigoda nikakaa mbele yake na kumwamkia, "Muga." Kisha nikamuuliza kwa Kimeru: Unaitwa nani? Siku ya kwanza alinitazama sana. Nikadhani nimekosea matamshi, nikarudia polepole, kwa sauti kubwa zaidi, kama watu wanavyowafanyia wageni. Akasema jina lake. Jamani, nilifurahi! Nilikuwa nimeuliza swali kwa Kimeru na nimejibiwa. Nikapiga makofi, nikasema "nibwega", ahsante, na nikamkumbatia.

Kuanzia hapo sikukosa hata asubuhi moja. Leo ni siku gani? Mimi ni nani? Mwanao anaitwa nani? Tulipofika somo la vitu vya nyumbani nilikuja na kijiko, kikombe, kitana na ufunguo, nikavipanga kwenye sinia, nikawa nakiinua kimoja kimoja: hiki ni nini? Alijibu vyote. Alijibu kwa makini, ameketi wima, ule mkono mzima umekaa juu ya ule mgonjwa. Na kila alipojibu nikaelewa, nilipiga makofi. Nilijipigia mwenyewe, wallahi, nilikuwa najipigia mwenyewe.

Nikamweleza mume wangu jinsi tunavyoendelea, akasema vizuri. Alikuwa akitoka mapema, hakuwahi kutuona.

Palikuja somo la familia. Nikamuuliza ana watoto wangapi. Hapo mama alikawia. Akatazama mlango, akatazama mikono yake. Mimi najua wako watano, nimeolewa na mmoja wao. Nikaona labda hajaelewa, nikarudia. Akataja majina, mmoja mmoja, na mwisho akataja jina nisilolijua. Nikamkatalia. Nikamwonyesha vidole, watano, nikamtajia majina yao kwa mpangilio, nikitikisa kichwa kwa lile la mwisho kama mwalimu wa chekechea. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ndiyo, ni watano. Machozi yakamtoka upande ule uliolegea. Nikayafuta kwa leso. Nilidhani ni ugonjwa tu, maana jicho lile lilikuwa likitoka machozi ovyo.

Na asubuhi nyingine, kabla sijaingia na uji, nilimsikia chumbani akinong'ona. Nikategea sikio mlangoni. Alikuwa akitaja siku za wiki. Kisha jina lake. Kisha majina ya watoto, watano. Kisha siku za wiki tena. Nikaona amepata mchezo unaomchangamsha. Nikajisifu kwamba nimemzidi hata daktari.

Maharagwe yakavunwa. Wifi akaja Jumapili, pamoja na kaka yao mmoja, na gunia la mahindi mabichi mlangoni, maana Mmeru haji mikono mitupu hata akija kukunyang'anya. Nilikuwa nimepika mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi na majani, jirani kanifundisha, na kuku wa nazi, ambaye nazi yake niliisaka Majengo kwa wale wenye asili ya pwani. Nikawaamkia kwa Kimeru. Wifi aliinua nyusi. Nikamuuliza habari za shamba, za mifugo, za mvua, yote kwa Kimeru, yote niliyafanyia mazoezi. Akanijibu, na nikaona uso wake umelegea. Nilipokuwa nanawisha watu mikono nilijua nimeshinda. Niliona kabisa jinsi watakavyokwenda zao jioni na kumwacha mama kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Baada ya chakula wifi akasema mama aulizwe mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwao, mzee hahamishwi kama gunia, huulizwa mbele ya watoto wake. Mume wangu akamuuliza anataka kukaa wapi.

Mama akarekebisha shuka magotini. Kisha akasema, na aliongea akiwatazama watoto wake, mimi nikiwa nimekaa pale pale karibu naye, kama watu wanavyoongea mbele ya mtoto mchanga. Nami nikaelewa. Sijui niwaambieje. Miezi yote ile nilikuwa nikiokota neno moja hapa, neno moja pale, na siku ile maneno yakaja yamefungamana, mstari mzima, na mwingine, na mwingine, kwa sababu yalikuwa maneno ya masomo yangu. Jina. Siku. Kijiko. Watoto. Nayaweka hapa kwa Kiswahili kadiri nilivyoyapata.

"Nataka kwangu," alisema. "Huyu ananilisha vizuri, simsemi vibaya. Lakini kila asubuhi ananipima akili. Daktari hunifanyia hivyo mara moja kwa mwezi, navumilia. Huyu ni kila siku. Ananiuliza jina langu, mke wa mwanangu. Ananiuliza leo ni siku gani. Ananionyesha kijiko aone kama nakijua, na nikikijua ananipigia makofi. Amenihesabisha watoto wangu, na yule niliyemzika akanikataza kumtaja. Usiku silali, narudia majibu. Najua siku nitakayokosea mtaambiwa nimeharibika kichwa, na mtu aliyeharibika kichwa haulizwi tena kitu. Nimechoka. Nirudisheni kwa mbuzi. Mbuzi hawaniulizi kitu."

Wifi alikuwa anatazama sakafu. Kaka yao alikohoa.

Mume wangu akanigeukia. Alikuwa na uso wake ule mwema, uso wa kunilinda, akaniambia kwa Kiswahili, "Mama anakushukuru kwa chakula. Ila amewakumbuka mbuzi wake."

Nilimwangalia yule mwanamume. Alikuwa hajapepesa hata jicho. Alizoea. Na mimi nikapiga hesabu ya kurudi nyuma, ni mara ngapi, harusini, msibani, simu za wifi, wazee wa kwao waliosimama na kusema jambo refu akaniambia "wanakukaribisha". Lakini hiyo ilikuwa aibu ya pembeni, nikaisukuma huko. Ile kubwa ilikuwa imekaa kwenye kiti mbele yangu, imejifunga shuka, imechoka.

Nikasema kwa Kimeru, "Nasikia, Mama."

Akageuka taratibu. Alinitazama kama mtu aliyevua nguo akidhani yuko peke yake. Hakujua. Kwake yeye mimi nilikuwa nimejua maswali tu. Mkono mzima ukainuka, ukachukua pindo la kitambaa cha kichwani, ukajifunika nalo mdomo. Mama wa watu akaona haya, mbele yangu, ndani ya nyumba yangu, kwa kosa langu mimi. Hapo ndipo nilipotaka kufa.

Nilitaka kumwambia sikuwa nikimpima. Kwamba nilikuwa nikijifunza, yeye akiwa mwalimu wangu, na yote ilikuwa ili abaki. Lakini kila nilichokuwa nacho tayari kinywani kilikuwa swali. Kuomba radhi tulikuwa hatujafika. Nikamwambia mume wangu, mweleze, mweleze kila kitu, kwamba lilikuwa darasa. Akaanza. Nikamfuata neno kwa neno. Akamwambia mama kwamba nasema nimefurahi kukaa naye na nasikitika kama hakuzoea mji. Alikuwa anayalainisha na maneno yangu.

"Nyamaza," nikamwambia.

Nikateremka kitini nikapiga magoti chini, mbele yake, wifi na shemeji wakiona. Nikasema kwa Kimeru, na kilikuwa kibaya, hakuna neno lililokubaliana na mwenzake: "Wewe mwalimu. Mimi mtoto. Mimi kujua hapana. Mimi kuuliza nijue. Wewe akili nzuri. Mimi akili mbaya."

Shemeji alitoa sauti kidogo, sijui alicheka. Wifi akamkata jicho.

Mama akakiachia kile kitambaa. Akaunyoosha mkono ule mzima akaniwekea kichwani, na akasema lile neno langu la mwisho, vile linavyopaswa kutamkwa. Nikalirudia. Akatikisa kichwa, akalisema tena, polepole, akinitazama mdomo. Nikalirudia. Tulikwenda hivyo mara kadhaa, watu wazima wamekaa kimya wanatusubiri, mpaka likakaa sawa. Hakunipigia makofi.

Kisha akageuka kwa binti yake, akamwambia amletee viatu.